Isigande

Saa tatu asubuhi, Kuhmo, na jua halijaamka.
Dirishani ziwa limeganda tangu Novemba;
watu hulivuka kwa miguu, na mbwa wao, bila kuwaza.
Mbele yangu kuna kioo kingine, hiki hakina baridi:
kisanduku cha njano kimechomoza pembeni mwa jina
Taavetti Korpijaakko, miaka themanini na mmoja.

"Moyo unapapatika. Alama nne.
Hana dawa ya kuzuia damu kuganda.
Je, uanze leo?"

Nakijua kisanduku hiki. Hunijia mara ishirini kwa siku
kama mtoto anayevuta gauni mama akiwa na wageni.
Kidole changu kimeshakariri njia: Ahirisha.
Kinaniuliza sababu, nami nabonyeza "Nyingine",
neno pana kuliko ziwa.

Mwezi wa nane nilibonyeza hivyo kwa Sylvi, tarishi wa posta.
Mwezi wa kumi mwanawe akamkuta jikoni,
mkono mmoja umekufa, kahawa imemwagika,
na jina la huyo huyo mwana limekwama ulimini.
Kompyuta haikunilaumu.
Ilikuwa imeandika tu: imeahirishwa, tarehe, saa, herufi za jina langu.

Sasa mzee ameketi, kofia magotini,
vidole vya mhunzi wa majiko ya sauna, vina makovu.
Ameanguka mara mbili tangu Krismasi, barazani kwake, kwenye barafu.
Ndicho ninachokiogopa: kichwa, sakafu, damu isiyokatika.
Damu ni ndumilakuwili.
Ikiganda inaua. Ikigoma kuganda inaua.

Nakigeuza kioo kimwelekee.
"Hiki kinaniona?"
Kinaona umri wako, presha, sukari, figo.
"Na goti?"
Goti gani?

Kimya. Sisi Wafini tuna kimya cha aina nyingi;
hiki ni cha mtu aliyefumaniwa.
Kisha: vidonge vya maumivu vya dada yake, Impi,
viwili asubuhi, viwili jioni, mwaka wa tatu huu.
Haviko kwenye faili. Haviko popote
ila kwenye kopo la biskuti, juu ya friji ya Impi.

Naandika. Duara dogo linazunguka, linazunguka,
kisanduku kinageuka chekundu.
"Hatari ya kutoka damu imepanda. Ondoa kinachoondoleka."

Ondoa kinachoondoleka.
Umri hauondoleki. Moyo hauondoleki.
Vidonge vya Impi vinaondoleka. Barafu ya barazani
ina dawa yake, chumvi; viatu vitiwe misumari.
Kinauliza uzito, nami namwambia apande mizani:
kilo hamsini na nane. Nilimdhania sabini,
kwa sababu ya vidole vile.
Kinapunguza dozi kwa nusu, bila kunicheka.

"Dawa hiyo," anasema, "inayeyusha?"
Hapana, haiyeyushi. Inazuia tu kipya kisifunge.
Anatazama nje, ambako giza limeanza kuwa kijivu.
"Kama shimo letu la kuogelea. Usipolikoroga
kila asubuhi, linafunga."
Ndiyo. Asubuhi na jioni. Usiruke hata siku moja.
"Miaka arobaini na minne nimelikoroga," anasema,
na kwa mara ya kwanza naiona meno yake.

Mlangoni anasimama, kofia kichwani sasa.
"Impi naye husema kifuani mwake kuna ndege."

Natafuta jina lake. Lipo, na anwani, na chanjo moja ya zamani.
Hakuna njano, hakuna nyekundu. Ukurasa mweupe kama ziwa.
Chombo hakiwezi kumhesabu ambaye hakuna aliyemshika mkono
akasikiliza mapigo.

Nachukua kalamu, kalamu ya wino,
na nyuma ya bahasha naandika:
Impi. Jumanne. Aje na kopo lake.