Futi Inayoanzia Tatu

Shule zimefunguliwa, Magomeni Mapipa imerudi kuuza masufuria.
Mlangoni pangu chaki ya Agosti haijafutika:
SARE ELFU MBILI.

Alfani, mpwa wangu, kasomea biashara.
Anavuta kigoda karibu na feni, anafungua kompyuta:
"Shangazi, lengo lilikuwa nini?"
Namwonyesha mlango.

Tunahesabu stakabadhi, tunahesabu daftari
lenye madoa ya mafuta ya cherehani.
Elfu moja mia nne na ishirini.
Anabonyeza: asilimia sabini na moja.
"Si haba. Na gharama zimeshuka.
Uzi, sindano, vifaa vidogo...
hapa, Shangazi, hongera."
Anaweka alama ya kijani.

Kijani kile kikanikaba.

Maana vifaa vidogo ni futi.
Futi yangu imelika kichwani,
inchi tatu za kwanza zimekwenda na miaka.
Nikipima natoa tatu,
kama mtu anavyovua viatu mlangoni, bila kufikiri.
Mpya ni shilingi elfu moja, Kariakoo.
Nilisema: ya nini?

Desemba mgongo ukanilaza.
Akapima Chausiku, mwanagenzi wa miezi miwili.
Hakuna aliyemwambia atoe tatu.
Huyo "hakuna" ni mimi.

Namvutia Alfani gunia kutoka chini ya meza.
Sketi za bluu, thelathini na nane,
zimerudi moja moja, zimekunjwa kwapani mwa mama zao.
Mmoja hakugomba. Alisema tu
bintiye aliimba wimbo wa taifa
kashika kiuno kwa mikono miwili.

"Hizi umeziandika wapi?"
"Kwenye zilizouzwa."
Na ziliuzwa kweli. Pesa yake ndiyo kodi ya Januari.

Alfani anafuta kijani.
Hesabu inateremka: sitini na tisa na ushei.
Kisha anakaa, kidole juu ya kitufe,
anatafuta safu ya kuingiza ile mikono miwili.
Hana.
Feni inageuka, inatupuliza, inageukia kwingine.

Chausiku anafumua bila kuinua macho.
Nampa elfu moja, na nauli.
"Kanunue futi. Anza kuisoma kwenye sifuri,
na ukiona nakosea, sema."

Naokota kipande cha chaki.
ELFU MBILI siigusi, hata mwakani ibaki hapo.
Chini yake naandika, kwa herufi ndogo
ambazo mteja hatazisoma akiwa barabarani:
zisizorudi.