Kijiti Kilichoishia Mlangoni

Mzee Tseveen ndiye aliyenipandisha farasi mara ya kwanza,
kabla sijajua kufunga kamba za viatu.
Basi Februari ile, alipoketi mbele yangu zahanatini
na homa yake na kofia yake ya ngozi ya mbweha,
mkono wangu uliona haya.

Kijiti cha pamba nilikifikisha puani, pale mlangoni tu.
Alipepesa. Chozi likamtoka jicho la kushoto.
Nikasema, "Yatosha, babu."
Yatosha!
Nani alinipa mimi kipimo cha kutosha?

Kirusi hakikai barazani.
Kimejificha vyumba vya ndani, nyuma kabisa,
huko ambako pua husahau kuwa ni pua na kuanza kuwa koo,
na njia yake haipandi kuelekea macho,
inakwenda bapa, usawa wa sikio.
Nilifundishwa. Niliandika daftarini kwa wino mwekundu.

Kichupa kikasafiri siku mbili na gari la posta hadi Ulaanbaatar,
baridi yote ya nyika ikikilinda.
Njiani hakikuharibika kitu.
Kilichoharibika kilikwisha kuharibika mkononi mwangu.

Jibu: hakuna.

Naye akaenda kwenye sherehe ya mjukuu kunyolewa.
Kwetu kila mgeni hukata kishungi kimoja,
humbusu mtoto, kisha humpokeza mwenzake mkasi.
Mkasi ulipita mikono thelathini na saba.

Kufikia Jumatano benchi langu lilijaa vikohozi,
na katikati yao mtoto mwenye upara mpya,
kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto.

Enkhtuya wa maabara alinipigia. Hakugomba; afadhali angegomba.
"Narmandakh, mashine hutafuta vitu viwili:
kirusi, na alama ya mtu mwenyewe.
Katika kichupa chako hata mtu alionekana kwa mbali,
kama aliyepita nje ya hema usiku.
Haikusema mzee ni mzima.
Ilisema haikuletewa kitu."

Nilirudi kwa Tseveen. Nikamwambia ukweli: itakera.
Nikaenda polepole, bapa, mpaka nikagota.
Nikazungusha, nikahesabu hadi kumi kwa sauti
kama alivyonihesabia zamani hatua za farasi.
Alinishika kifundo cha mkono. Hakunisukuma.

Kijiti kilitoka kimelowa, kina ute, hakipendezi.
Nilikitazama kwa furaha
ambayo mpaka leo sijui nimweleze nani.