Nyuzi Nne

Ngazi mia tatu na kumi na mbili, za manjano,
rangi ya meya aliyekuwa akitafuta kura.
Nazipanda, kisanduku begani,
ndani barafu na vichupa sita vitupu
vitakavyoshuka na damu.
Lima haijui mvua. Ina ukungu tu,
unaoramba mabati mpaka yatoke jasho.
Katikati ya kilima nasimama kuvuta pumzi,
nasoma kipimajoto: nyuzi nne. Haya, twende.

Saturnina hushona jinzi.
Chumba kimoja, cherehani tano, dirisha limezibwa kwa gunia
vumbi lisichafue kitambaa.
Hewa ya humo wanaazimana.
"Pale alikuwa akikaa Wilmer," aliniambia siku ya kwanza
akionyesha kwa kidevu kiti kisicho na mtu.
Hakuongeza neno. Akakunja mkono wa sweta.

Begani ana kovu la uchangani,
limebonyea kama alama ya kidole kwenye unga.
Chanjo ile ya kale ilimlinda akiwa wa kubebwa mgongoni,
kisha ikasinzia, kama bawabu wa zamu ndefu,
lango likabaki wazi.
Inchi moja chini yake ndipo tulipomchoma hii mpya,
kama ni hii mpya.

Maana kila nikija huniuliza,
mguu ukiwa bado kwenye pedali:
"Nesi Maruja, mlinipa ile yenyewe au maji ya chumvi?"
Sijui.
Daktari hajui. Aliyeijaza sindano amekula kiapo.
Jibu limefungiwa ndani ya namba,
namba ndani ya kompyuta, ng'ambo ya bahari,
na halifunguliwi mpaka wa mwisho wetu ahesabiwe.
"Mkono uliniuma siku mbili," husema. "Maji hayaumi hivyo."
Nanyamaza. Nimewahi kuona maji yakiuma.

Leo ziara ya tisa.
Homa? Hapana. Jasho la usiku?
Cherehani yake ikanyamaza.
Zile nyingine nne zikaendelea.
"Kidogo," akasema. "Na kikohozi. Wiki ya tatu."
Nikatoa kikopo chenye kifuniko chekundu.
Akatoka nje, akasimama juu kabisa ya ngazi,
akakohoa akiupa mji mgongo,
akanirudishia kikopo kwa mikono miwili
kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.
"Basi mmeshajua?"
"Mtu mmoja hatuambii kitu," nikamjibu,
na ni kweli, na ulimi ulikuwa mzito.

Dawa zipo. Atameza, miezi sita, atapona;
nitapanda kila asubuhi nihakikishe.
Lakini nikiteremka, goti likilalamika,
nilijikuta naomba, Mungu anisamehe,
iwe alichomwa maji.
Iwe ni yeye aliyetolewa nje ya ua
ili tujue kwamba ua unazuia.
Ngazi ya mia na hamsini nikasimama.
Nilifungua kisanduku pasipo haja.
Nyuzi nne.