Kumi na Tatu, Kumi

Inari, mwezi wa Juni. Saa sita za usiku,
na jua limekaa dirishani kama mgeni asiyejua kuaga.
Seva yetu inakoroma kabatini,
juu yake buti za mtu na mkebe wa kahawa.
Magga, mkuu wa ushirika, alishasema na harudii:
hakuna kupakua kifurushi cha mtu tusiyemjua.
Mwaka jana kimoja kilituangusha siku tisa,
katikati ya kuhesabu kulungu wa theluji.
Basi nimebaki na Javaskripti tupu
na fomu inayokuja vipandevipande.

Maana haiji nzima. Nani alikudanganya?
Huja funda kwa funda:
jina la mfugaji, namba ya zizi, picha ya sikio la ndama, simu,
vyote vimebanwa kwenye mkondo mmoja,
na kati yao mpaka: vistari viwili, kisha
mfululizo wa herufi ambao kivinjari kimejitungia
kikiapa kwamba hautaonekana popote pengine.
Baada ya mpaka, kichwa.
Baada ya kichwa, kumi na tatu, kumi,
kumi na tatu, kumi:
rudi mwanzo, shuka; rudi mwanzo, shuka.
Mstari mtupu. Hapo ndipo mwili unapoanza.
Nimejifunza kuuheshimu utupu huo
kuliko maneno mengi niliyowahi kulipwa kuyaandika.

Usiku wa kwanza niliharibu.
Niligeuza kila kitu kuwa maandishi, mapema mno,
kwa pupa ya mtu anayesoma asichoandikiwa.
Picha haisomwi. Baiti zake, zilipolazimishwa kuwa herufi,
zilikufa zikiwa alama za kuuliza, maelfu kwa maelfu,
na Elle-Risten akapiga simu kutoka zizini:
"Umempata ndama wangu?"
Nilikuwa nimepata maswali. Nikasema, kesho.

Usiku wa pili picha ilifunguka nusu.
Juu sikio, chini kijivu kitupu.
Nilidhani funda likiisha na picha imeisha.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba;
hawasemi kibaba kikishajaa
utajuaje unga umeishia wapi na mchanga umeanzia wapi.

Usiku wa tatu picha ilimeza namba ya simu.
Ilinichukua hadi kahawa kuganda kikombeni kuona:
mpaka wenyewe ulikuwa umekatika,
nusu mwishoni mwa funda hili, nusu mwanzoni mwa lile,
na msimbo wangu, uliotafuta kitu kizima,
ukapita katikati yao bila hata kugeuza shingo.

Dawa ilikuwa ndogo, ya kuaibisha.
Usimeze mkia.
Bakiza mdomoni baiti chache,
pungufu kwa moja ya urefu wa mpaka,
ungoje funda lijalo, ndipo uamue.

Saa tisa na robo, picha nzima.
Sikio la ndama, mikato miwili mibichi.
Na pale palipokuwa kijivu, mama yake,
amegeuka kunitazama, sikio lake nalo limechongwa.
Huku ndama ni wa mwenye mama;
hilo hata mimi, mtu wa Oulu, nalijua.
Nikampigia Elle-Risten, nikamsomea taratibu
kama nilivyozoea kusoma baiti:
kushoto pengo moja, kulia ncha imekatwa uma.

Kimya. Mbwa anabweka. Lango linafungwa.
"Huo ni mkato wa Heaika," akasema.
"Nimetia alama yangu kwa ndama wa jirani."
Kisha, baada ya muda: "Ungeiacha tu ile nusu."

Sikuwa na jibu. Nikaifunga kazi.
Faili lipo, baiti zote zimetimia,
chini ya jina alilolipa mwenyewe pale zizini:
wangu saba.