Mara ya Kumi na Moja

Jina lake Watasema. Nilimtia kwa ajili ya majirani
kabla hajafumbua macho, na majirani hawakuniangusha:
mtu mzima anafuga jibwa, analipikia dagaa,
analisemesha kama mtoto wa kumzaa.

Miaka miwili nilimfunza maweni, nyuma ya Muyuni.
Kusimama akimnusa kororo, mguu mmoja juu,
mkia umenyooka kama kalamu.
Kungoja bunduki. Kungoja tena, mpaka nimwambie.
Kuokota bila kuuma: hilo nilimfunza kwa yai bichi,
mayai arubaini na kitu, Mize jikoni akiyahesabu kwa sauti,
hata siku alipoliweka kiganjani mwangu
zima, lina mate, lina joto.

Mwanzo walimtaka kwa picha tu.
Godoro jipya, yeye kajilaza, kidevu juu ya mto,
macho yale ya kusingizia usingizi.
Bango hapa halikutundikwa; nani angelinunua godoro hilo?
Lilivushwa bara. Nasikia lipo Morogoro, karibu na stendi,
watu wanapita chini ya mbwa wa Muyuni wasimjue.

Kisha filamu. Kichochoro cha Kiponda, taa kubwa mchana kweupe,
na Bi Salha mwenye filamu, sauti yake ya mnadani:
"Feruzi atapigwa risasi, ataanguka barazani.
Mbwa atakuja, atahuzunika."
Nikamwambia, bibi, kuhuzunika sijamfunza.

Risasi ya bandia, mlio wa kweli.
Mara ya kwanza bismillahi ikanitoka.
Mazoea; kwetu mbwa hatumwi bila jina la Mungu.
"Kata! Nani huyo anayesema?"
Mara ya pili nikafumba mdomo.
Watasema akachomoka, akampita maiti,
akatafuta kilichoanguka:
nyuma ya mitungi ya gesi, chini ya vespa,
mpaka uani kwa watu, bibi mmoja akapiga yowe.
Akarudi mdomo mtupu. Akanitazama
kama mtoto aliyetumwa dukani
akasahau alichotumwa.

Ya tatu. Ya sita. Mlio, na ndege hakuna.
Sijapata kumdanganya mnyama yule.
Ya tisa nilimgeuzia uso.

Ya kumi na moja alisimama. Mguu juu.
Akamwendea Feruzi taratibu,
akamshika kifundo cha mkono kwa mdomo ule wa yai,
akaanza kumvuta kuja kwangu.
Mtu wa kilo themanini! Kucha zinateleza kwenye sakafu,
anavuta, anapumzika, haachii, anavuta.

Hakuna aliyesema kata.
Bi Salha analia. Mshika taa analia.
Wakasema, tazameni mapenzi.
Mie nikanyamaza. Kazi ile naijua.

Feruzi kufufuka tu: "Mate! Kanitia mate!"
Mara saba, moja kwa udongo,
na Kiponda yote mawe na saruji.
Ikabidi ung'olewe mwasumini wa watu kwenye kopo la rangi
tupate konzi moja. Nikammiminia maji mwenyewe.
Akahesabu mpaka tano, akapotea, akaanza upya.

Pesa nilipokea. Nimeezekea jiko,
na Mize hayahesabu mayai tena.

Wiki ya pili yake tukarudi maweni, umande haujakauka.
Kororo akaruka. Nikasema bismillahi
kwa sauti niliyokuwa nayo yote.
Marisau yakampata. Watasema akangoja, akaenda, akamleta,
hakuna unyoya uliovunjika,
shingo imelegea juu ya kidole changu.
Nikampapasa kichwa, nikamfunga ndege kiunoni,
nikashika njia.

Nageuka, hayupo nyuma yangu.
Karudi pale pale, kwenye jiwe alipoanzia,
mguu mmoja juu, mkia umenyooka,
ananitazama,
anangoja turudie.