Kata na Mtungi

Saa tano usiku, Oulu, theluji imekataa kukoma.
Wamemleta kipa wa miaka kumi na saba,
bado yumo ndani ya soksi ndefu za hoki, nywele zimeganda jasho.
Ilta Karppinen: naliandika jina kwenye chupa ndogo ya damu.

"Nilianguka tu," anasema. "Siumwi. Jumamosi tuna fainali."
Kocha Reijo, kofia mkononi, anaitikia: "Alianguka tu."
Hilo "tu" nalijua. Liliwahi kulala nyumbani kwetu.

"Uliona nini ulipogonga mwamba wa goli?"
"Nyota," anasema, na wote wawili wanacheka.
Mimi sicheki.
Nyota ndizo ninazozitafuta.

Maana ndani ya fuvu zimo seli zenye umbo la nyota,
zimeshikana mikono, zinalisha neva, zinazilinda.
Kichwa kikitikiswa vibaya, baadhi yake hupasuka,
protini yake ikavuja, ikapenya ukuta,
ikaingia damuni kimya kimya kama mgeni aliyevua viatu.
Ni kidogo mno. Chukua chumvi ya ncha ya kucha, itupe ziwani,
kisha kinga maji ng'ambo ya pili, uulizwe: yana chumvi?

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Fuvu ni mtungi, na hakuna aliyeuchungulia.
Mashine kubwa ya picha huona ufa, huona bonge la damu;
unyevu mdogo wa ukutani huenda usionekane.
Damu ndiyo kata: imeshuka humo, imepanda na habari.

Nazungusha chupa. Kifaa kinavuma kama friji nzee,
na damu, hiyo nzito kuliko maji, inajigawa:
wekundu chini, juu umanjano mwepesi wa chai ya limau.
Tone moja naliingiza mashineni.
Dakika kumi na nane.

Dakika kumi na nane niko Kajaani, nina miaka tisa,
na kaka yangu Veikko amegongwa, ameinuka,
watu wanapiga makofi.
Daktari alimmulika tochi machoni, akamuuliza leo siku gani.
Jumanne, alijibu. Kweli ilikuwa Jumanne.
Jumatano alikuwa uwanjani.
Hakufa. Watu husubiri niseme alikufa.
Aliacha hesabu, aliyokuwa akiipenda.
Akashindwa kuvumilia mlio wa kijiko kwenye sahani,
hata mama akanunua vijiko vya mbao,
tukala hivyo miaka miwili, kimya, kama watu wanaoiba.
Hatukuwa na kata.

Mashine inalia mara moja.
Namba imevuka mstari; si mbali,
kama mtu aliyeweka kisigino nje ya kizingiti.
Napiga simu juu. Anapelekwa kwenye picha,
na picha inarudi nyeupe, safi, haina neno.

"Si unaona?" anapumua Reijo.
"Naona," anasema Daktari Hyttinen. "Picha imenyamaza. Damu imesema.
Jumamosi hachezi."

Ilta anautazama ukuta kwa muda mrefu.
"Kwani leo," anauliza, "tulishinda?"

Reijo anazungusha kofia yake, anaizungusha tena.
"Umeniuliza mara nne garini," anasema,
na sauti yake imekuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

Namba haijui atasoma lini ukurasa bila herufi kuogelea.
Haijui lini taa zitaacha kumpigia kelele.
Inajua jambo moja tu, na imelisema kabla ya saa sita,
kabla ya Jumatano yoyote.

Natupa glavu. Naosha mikono.
Nyumbani, alfajiri isiyo na jua,
nakoroga kahawa kwa kijiko cha mbao,
nampigia Veikko.
Anapokea polepole. Nazungumza polepole.