Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu la Kiborloni lilikuwa la bati, la bluu,
kufuli tatu, funguo tatu, wanawake watatu:
Aikande, Elinaike, na mimi.
Halifunguki mpaka tuwe wote.

Alhamisi mmoja asipofika
tulifunika mitumba kwa turubai, tukampandia hadi kwake,
na chane la ndizi, maana huendi kwa mtu mikono mitupu.
Tukamkuta ana homa,
au amenuna,
au mume amerudi.
Tulidhani tumefuata ufunguo.

Sisemi sanduku lilikuwa malaika.
Aikande alililaza chini ya kitanda miaka saba,
kila panya akimdhania mwizi.
Na mwizi alipokuja kweli hakuhitaji funguo:
alibeba lote, na kufuli zake.

Ndipo akaja kijana wa benki, shati limenyooka,
akatuhamishia kwenye simu.
Namba tatu za siri badala ya vyuma vitatu.
Nilicheka peke yangu siku ile ya kwanza:
nimesimama shambani, tope hadi magotini,
nalipa ada ya Mkunde aliyeko Arusha!
Na ule usiku wa KCMC, saa nane,
mkopo uliingia kabla sijamaliza kulia.
Hilo silikani.

Lakini Julai, baridi ya Moshi inapotafuna vidole,
kila Alhamisi simu ililia mfukoni:
Elinaike amethibitisha.
Elinaike amethibitisha.
Mara tano. Nikasema, mama wa watu ni mzima,
nikaendelea kupanga sweta.

Kumbe kidole kilikuwa cha mjukuu.
Mwenyewe alikuwa kitandani, upande mmoja umepooza,
akimtajia mtoto tarakimu nne
kwa mdomo uliopinda,
kikundi kisije kikakwama kwa ajili yake.

Wiki ya sita nilipofika hakuniuliza mbona.
Alinyoosha mkono ulio mzima, akavuta kamba shingoni:
ufunguo wake, wa sanduku lisilokuwapo,
jasho limeulamba hadi meno yamelainika.
Akaniwekea kiganjani, ukiwa bado na joto lake.

Kiganja kilikuwa wazi. Sikuwa nimebeba kitu.
Hela ya ndizi nilikuwa nimeshamtumia asubuhi,
pamoja na ya kutolea.